Kipimo cha Nafula

Ukisimama kwenye lango la mtaa wa Tena, Nairobi, Jumapili asubuhi, watu wanapoelekea makanisani, utaona wanawake wakipita na blauzi za kila namna: ya kola, ya shingo pana, ya mikono iliyofura kama maandazi, ya kubana kiunoni kisha ikachanua. Kila mmoja anajiona amevaa yake peke yake. Usiwaambie, lakini nyingi kati ya blauzi hizo ni moja. Zimetoka kwenye karatasi iliyokuwa ikining'inia msumarini katika kibanda cha mabati cha fundi Muhonja, na karatasi hiyo ilitoka kwenye mgongo na kifua cha msichana mmoja tu, binti yake, Nafula.

Muhonja hakuona haya kulisema hilo. Mafundi wengine walisomea ushonaji chuoni, wakaning'iniza vyeti ukutani. Yeye alikuwa na cherehani ya kukanyaga, ulimi mkali, na patani yake. Patani, kwa asiyejua, ni karatasi iliyokatwa kwa umbo la mwili, ambayo fundi huilaza juu ya kitambaa, akaizungushia chaki, kisha akakata. Muhonja aliitengeneza mwaka Nafula alipomaliza kidato cha nne. Alimsimamisha juu ya stuli, akampima mabega, kifua, kiuno na urefu wa mgongo, akimgombeza kwa kicheko kila tepu ilipomtekenya, halafu akachora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji aliouokota palipokuwa pakijengwa kule mtaa wa Fedha. Alichora nusu tu, kama wafanyavyo mafundi wote. Kitambaa hukunjwa mara mbili, nusu ile ikalazwa penye mkunjo, na ukikata unapata mwili mzima, maana Mungu amempa mtu pande mbili zilizo sawa. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hakuwa na sababu ya kubisha.

Patani yenyewe haikuguswa na makasi tena. Mteja akija, Muhonja aliiteremsha, akailaza juu ya gazeti la zamani, akafuatisha kingo zake kwa kalamu, halafu akalikatakata gazeti atakavyo. Mteja mnene aliongezewa inchi mbili ubavuni. Aliyetaka blauzi ya kuchanua, gazeti lilipasuliwa kutoka chini kwenda juu na vipande vikatanuliwa. Aliyetaka kiuno kionekane, lilikatwa kiunoni na kuongezwa rinda fupi. Kulikuwa pia na dati, ule mkunjo mdogo wa pembetatu unaotoka ubavuni kwenda kifuani ili titi lipate nafasi yake, na hiyo ndiyo aliyoichezea kuliko yote. Aliifunga ubavuni akaifungua begani, ikawa marinda. Aliifunga begani akaifungua shingoni, ikawa nguo nyingine kabisa. Alikuwa akiwaambia wateja kwamba karatasi ni ile ile, kinachobadilika ni kichwa cha fundi. Alipenda kusifiwa, mama huyu, na alisifiwa.

Kinyozi hajinyoi, na Muhonja hakumpima binti yake tena. Miaka saba ilipita. Nafula alipata kibarua cha kupakia biskuti katika kiwanda kimoja Industrial Area, akazoea kuamka alfajiri, akanenepa kidogo, akakonda, akanenepa tena, na blauzi zake zote ziliendelea kukatwa kwa ile karatasi ya saruji. Akisimama apimwe, mama yake alimfukuza kwa mkono. "Mwili wako ninao hapa msumarini," alimwambia, na wateja waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Ilikuwa raha yake kusema hivyo, nami simlaumu kwa raha. Kuna mama gani asiyedhani anamjua mwanawe?

Lakini lipo jambo jingine alilokuwa akilisema, na hilo halikuwa raha. Muhonja alikuwa na dada mdogo, Triza, aliyeanza na uvimbe wa ukubwa wa punje ya njugu kwenye titi. Akapelekwa hospitali, akakatwa titi, akakaa miezi minane akafa. Daktari alieleza kwamba Triza alikuja akiwa amechelewa. Muhonja hakumsikia daktari, alisikia kisu tu. Tangu siku ya maziko alirudia maneno yale yale huku mguu ukikanyaga cherehani, kwamba kisu ndicho kilichomuua Triza, kwamba wangemwacha mzima angekuwa yuko hapa anakunywa chai. Aliyasema kwa wateja, akayasema kwa majirani wa ploti yao ya nyumba za kupanga kule Umoja, na mara nyingi aliyasema Nafula akiwa kwenye benchi, anamsaidia kushona vifungo.

Basi Januari moja Nafula akaja na ombi. Alitaka blauzi yenye shingo ya kupanda juu, isiyobana kifuani. Muhonja alifurahi, kwa sababu binti yake hakuwa mtu wa kutaka vitu. Aliifunga dati, akaigeuza kuwa marinda madogo yanayoshuka kutoka begani, kitambaa kikamwagika mbele bila kugusa mwili. Ilipendeza. Wateja watatu waliitaka wiki hiyo hiyo.

Baada ya miezi kadhaa, Nafula akataka mikono mipana, inayoanzia karibu na kiuno kama mabawa ya popo. Alisema ndiyo inavaliwa siku hizi. Muhonja akamkatia, nayo pia ikapendwa. Halafu, mwaka wa pili ulipoanza, akaleta ombi la tatu: rinda refu la kukunjika, lishuke kutoka bega la kushoto mpaka kiunoni, upande huo mmoja tu. Muhonja alimwuliza kwa nini upande mmoja, akajibiwa kwamba pande zote mbili ingekuwa kama pazia. Mama akacheka sana. Hilo rinda la upande likampatia jina mtaani. Mshono wenyewe ukaitwa Nafula, watu wakawa wanakuja kibandani na kusema nishonee Nafula, na Nekesa, kiongozi wa kwaya ya kina mama kanisani kwao, akaagiza ishirini na mbili za rangi nyeupe ziwe sare ya kwaya. Muhonja alishona mwezi mzima. Mgongo ulimwuma na moyo ulimjaa.

Halimo ndiye aliyeona. Halimo alikuwa Msomali wa Fedha, mwenye duka la vitambaa ambako Muhonja alikuwa amenunua kwa miaka kumi, na urafiki wao ulikuwa wa kuvutana bei na kuulizana habari za watoto. Hakuwa mtu wa kuliacha duka lake Jumamosi. Ndiyo maana Muhonja alipomwona anaingia kibandani adhuhuri, jasho likimtoka, alidhani kuna msiba. Akampa stuli. Halimo hakuketi.

"Mama Nafula," alisema, "huyu msichana umempima lini?"

Muhonja akacheka, akaonyesha msumarini. Halimo hakucheka. Alieleza kwamba Nafula alipita dukani kumchukulia mama yake uzi, naye akamtupia kitambaa kipya cha shifoni begani aone kilivyomkaa, na mkono wake ukagusa mkono wa msichana. Ule wa kushoto ulikuwa umejaa kama si wake. Nafula aliruka kama aliyeguswa na moto, akaomba asiambiwe mtu.

"Mimi nimekuambia," Halimo alisema. "Mpime, Mama Nafula. Usimwulize kwanza. Mpime."

Siku ya pili, walipotoka kanisani, Muhonja alifunga mlango wa nyumba yao ya vyumba viwili, akamimina chai, kisha akavaa tepu shingoni. Nafula aliiona, akarudi nyuma hadi kitandani.

"Mum, si uko nayo kwa karatasi?"

Muhonja aliivua tepu shingoni. Alimshika kama alivyoshika wateja wakaidi, akaanza na mabega, halafu mkono wa kulia juu ya kiwiko: inchi kumi na moja. Wa kushoto: kumi na tano. Alidhani amekosea, akarudia, ikawa kumi na tano. Alizungusha tepu kifuani, na upande wa kushoto tepu ikapita juu ya kitu kigumu kisicholala. Akamfungua blauzi. Alikuwa amewahi kukiona kifua kama hicho, cha dada yake, ila cha Triza hakikuwa kimefika pale. Tepu ikamdondoka.

Alimwuliza tangu lini. Nafula akasema tangu Januari, na si ya mwaka huu. Akamwuliza kwa nini hakumwambia, na msichana, ambaye hakuwa amelia hata mara moja, akaanza kulia.

"Ulisema ni kisu ilimuua Aunty Triza," alisema. "Ningekuambia, ungesema nisikatwe. Na mimi ningekuskiza, Mum. Nikajiambia nitaenda mwenyewe, wiki ijayo, mwezi ujao. Nikaogopa."

Watu husema moyo umevunjika, nasi tumezoea kulisikia neno hilo mpaka halina uzito. Wa Muhonja ulivunjika pale, mchana kweupe, jirani wakiwa wamefungulia redio. Aliziona blauzi zote zikipita mbele ya macho yake. Shingo ile ya kupanda ilikuwa ya kuficha ngozi iliyoanza kuvutika. Marinda yale yalikuwa ya kuficha uvimbe, mikono ya popo ilikuwa ya mkono uliokataa kuingia kwenye mwingine wowote, na rinda la upande, lililompa sifa Tena nzima, lilikuwa la kuziba titi lililoharibika. Ugonjwa ulikuwa ukikua, naye alikuwa akiukatia nguo, hatua kwa hatua, akipokea pongezi.

Hospitali walimwona daktari mwanamke, mpole, aliyezitazama picha za kifua, akawaeleza. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mapafu. Muhonja akaomba binti yake akatwe. Alimwomba daktari yule kisu kwa mikono miwili kama mtu anayeomba maji, yeye aliyekilaani miaka minne. Daktari akamwambia wakati wa kisu ulipita, sasa watampunguzia maumivu. Mwaka jana, alisema, tungezungumza mengine. Muhonja alilibeba hilo neno mwaka jana mpaka nyumbani, na sidhani amewahi kulitua.

Alifunga kibanda akamuuguza. Kiwandani nafasi ya Nafula ikajazwa na mtu mwingine. Halimo alikuja karibu kila siku na birika la chai ya maziwa na iliki, akaketi nao. Siku moja Nafula, akiwa ameegemea mito kwenye kochi, alimwambia mama yake aachane na kumfutafuta jasho, kwani ana kazi ya kumpa.

"Nishonee moja ya hii mwili niko nayo saa hii," alisema. "Si ile ya msumari. Na usifiche kitu."

Hivyo ndivyo Muhonja alivyotengeneza patani ya pili ya maisha yake. Nusu haikutosha. Upande mmoja haukuwa tena sawa na mwenzake, hivyo hapakuwa na kukunja kitambaa wala kubahatisha. Aliunganisha karatasi mbili za kaki kwa gundi, akachora mwili mzima, kulia na kushoto, kila upande kwa vipimo vyake. Nafula aliomba shingo iwe wazi na mikono iwe mifupi. Muhonja akaweka vifungo mbele kutoka juu hadi chini, kwa kuwa mkono ule mkubwa haukuweza kuinuka tena. Kitambaa kilitoka kwa Halimo, krepu ya rangi ya machungwa, rangi ambayo Nafula hakuwahi kuithubutu.

Mwili ulikuwa unabadilika haraka kuliko sindano. Alipomaliza kukata, mgongo ulikuwa umepungua inchi moja na nusu na mkono umeongezeka. Akafumua, akapima upya, akashona. Baada ya siku nne haikukaa tena, akafumua. Kila alipompima, Nafula alitulia kabisa, hakucheka tena tepu ilipomgusa kwapani. Kuna siku alimwuliza mama yake inchi ngapi leo, Muhonja akasema uongo, kisha akajirudi akamwambia ukweli, kwa sababu uongo ulikuwa umewatosha.

Mara ya tatu aliimaliza Alhamisi alasiri. Nafula aliishika, akaigeuza ndani nje kukagua mishono, kama mtoto wa fundi afanyavyo. Akasema iko poa, ataivaa kesho, leo amechoka. Akalala ameishikilia mkononi. Asubuhi ya Ijumaa, kabla ya uji kuiva, alikata roho.

Matanga yalikaa pale kwenye ploti, viti vya plastiki hadi kwenye kamba za nguo. Watu walikuja kwa wingi, maana nusu ya Tena ilikuwa imevaa mwili wa yule msichana bila kujua. Palipo na watu pana maneno. Nekesa, ambaye hakuwa mbaya, ila alikuwa miongoni mwa watu wanaodhani kimya ni lazima kijazwe, alitikisa kichwa na kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Alisema polepole, lakini Muhonja alikuwa karibu.

"Hakuficha peke yake," Muhonja alimwambia. "Nani alikuwa anashona?"

Nekesa aliinamisha uso, na wanawake wengine wakajifanya wanatafuta vikombe. Tangu hapo hakuna aliyetoa methali tena katika matanga yale.

Safari ya kumpeleka Nafula kwao Bungoma kuzikwa ilipangwa Ijumaa iliyofuata. Muhonja alifika mochari mapema na Halimo, blauzi ya machungwa ikiwa imekunjwa kwenye mfuko. Kwaya ilikuwa imeshafika. Walisimama uani kwa mistari miwili, wote ishirini na wawili, katika sare yao ya pekee, blauzi nyeupe zenye rinda la kukunjika kutoka bega la kushoto mpaka kiunoni. Hawakufikiria. Nani angefikiria? Walivaa hivyo kwa heshima. Muhonja alipita katikati yao macho yakiwa chini, na kote alikopita aliziona pindo za rinda lile zikipepea, na akatamani angekuwa amezaliwa bila mikono.

Ndani waliruhusiwa yeye na Halimo. Mhudumu alikuwa mama wa makamo, aproni ya plastiki na gambuti miguuni, mtaratibu katika mambo yake. Aliipokea blauzi, akaikunjua, kisha akatoa makasi mfukoni. Alipoona Muhonja ameshtuka, akamweleza kwa sauti ya chini, kama alivyokwisha kuwaeleza wengi. Mwili ukishakaa kwenye baridi haukunjiki, mikono haipiti. Kwa hiyo nguo hupasuliwa mgongoni kutoka shingo hadi chini, ikavalishwa kwa mbele, na akilazwa hakuna atakayejua.

"Usipasue," Muhonja alisema. "Itaingia. Nilimpima."

Yule mama alimtazama kwa huruma. Akasema kina mama wote husema hivyo. Hata hivyo aliyaweka makasi kando kwanza, wakasaidiana, Halimo akiinua bega, Muhonja akiongoza kitambaa. Walianza na mkono wa kushoto, ule mkubwa, ukapita bila kuvutwa kwenye mkono ambao Muhonja aliukata kwa ajili yake tu. Walipitisha kitambaa chini ya mgongo uliokonda. Mkono wa kulia ukaingia. Muhonja akafunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, akishuka. Hapakuwa mahali palipobana wala palipolegea. Bega lilikaa juu ya bega, na upande wa kushoto wa kifua, jinsi ulivyokuwa, ulipata nafasi yake bila kufunikwa na rinda lolote.

Mhudumu alirudi nyuma hatua moja akatazama.

"Miaka yangu yote hapa sijaona nguo imemkaa mtu hivi," alisema. "Fundi wake ni nani?"

Kwa miaka saba Muhonja alikuwa na jibu la swali hilo, na alilitoa kwa kelele. Sasa aliutazama mkono wake uliokuwa bado umeshika kifungo cha mwisho. Jumapili ile nyumbani alikuwa ametumia muda gani kumpima? Chai aliyokuwa ameimimina kabla ya kushika tepu ilikuwa bado ina moto alipomaliza. Ni muda huo tu uliotakiwa, na angeweza kuutoa Januari ile ya kwanza, au siku nyingine yoyote katika miaka miwili, msichana akiwa amesimama mbele yake anaomba shingo ipandishwe kidogo.

"Ni mimi," alisema. "Nilichelewa kumpima."

Akaketi pale pale kwenye sakafu yenye maji, akalia kwa sauti ambayo kwaya ilisikia uani ikakatiza wimbo. Halimo alichuchumaa kando yake, akamshika. Yule mhudumu aliyarudisha makasi mfukoni, akaenda kuufunga mlango, akawaacha.